Msichana wa dadangu anachukia uso wake: ni kulelewa mbali na mama, ni simu, ama ni ugonjwa?

AntiWaLanet (Nakuru)

Habari zenu. Hii ni ndefu kidogo, mnivumilie. Niko huku Lanet na watoto wangu wawili pamoja na msichana wa dadangu mkubwa, ako na miaka 16, yuko fomu tatu. Dadangu alienda Saudi kufanya kazi ya nyumba huyu mtoto akiwa hajaanza hata nasari, akaachwa na shosho Njoro, alafu shosho alipoanza kusumbuliwa na miguu akapelekwa bodingi darasa la nne, na likizo imekuwa ni kuzunguka tu, mara kwangu, mara kwa mjomba Free Area, mara arudi Njoro. Chakula na karo hajawahi kukosa, hiyo lazima niseme, dadangu hutuma pesa kila mwezi bila kukumbushwa.

Sasa tangu aingie fomu mbili huyu mtoto havui maski. Ile ya corona. Watu wote walishatupa zao kitambo, yeye anasema ni vumbi ya Nakuru. Kumbe ni pua. Anasema pua yake imelala upande mmoja na taya limetoka nje. Nimeangalia hiyo pua mchana, nimeangalia na tochi ya simu, mimi sioni kitu, ni pua tu kama ya mamake. Akiingia bafuni anakaa hadi tunagonga mlango. Alafu anakuja jikoni anasimama karibu na mimi nikisonga ugali, "anti niangalie, si leo imezidi?" Namwambia uko sawa, anatulia, na kabla ugali haijaiva ameshauliza tena. Matroni wa shule amenipigia akasema haendi kula na wenzake, anabeba mkate anaula kitandani usiku, yaani hataki mtu amwone akitafuna. Na juzi nikipanga sanduku lake nikapata krimu kwa kikopo kisicho na lebo, kimeandikwa tu kwa kalamu "usiku".

Kuna semina ya vijana ilifanyika kanisani, mama mmoja akafunza kuhusu atachimenti, yaani vile mtoto hushikamana na anayemlea, ati mtoto akitenganishwa na mamake mapema lazima aje kuchukia mwili wake. Nilitoka hapo nimechemka. Ju kama ni hivyo basi ni dadangu amemharibu, na nikimwambia hivyo huko aliko atalia mpaka augue na hawezi hata kupanda ndege kesho. Alafu mbona watoto wa jirani wamelelewa na shosho wao tangu wachanga na hawana neno?

Lakini pia siwezi kusema huyo mama amedanganya, ju kuna kitu mtoto alisema tukifua nguo. Alisema tu bila hata kuinua kichwa, "mama angekuwa na mtoto mrembo angekuwa amerudi."

Kwa hivyo nauliza wenye mnajua. Hii ni atachimenti kweli, ni TikTok, ama ni ugonjwa? Nianzie wapi? Na tafadhali msiniambie nimnyang'anye simu, hiyo nimeshaambiwa na kila mtu.

Baba_Junior

Mnyang'anye simu. Sisi kwetu nyumba nzima ilikuwa na kioo kimoja, cha mzee cha kunyolea ndevu, na hakuna mtu aliugua pua. Hizi magonjwa zinatoka Marekani na bando za bei rahisi.

NyarKondele (Kisumu)

Anti pole sana. Mimi ni kaunsela, vijana ndio wengi ninaokaa nao huku Kisumu, kwa hivyo nitaandika mrefu na Baba Junior atanisamehe.

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo huyo mama wa semina ameyachanganya. Kuna ugonjwa, na kuna vile mtoto alilelewa. Ile picha umechora, maski, kioo, kuuliza na kuuliza tena, kujificha akila, inafanana sana na kitu kinaitwa dismofia ya mwili. Siwezi nikampima mtoto wa mtu kwa maandishi, hiyo daktari atafanya akikaa naye, lakini ndio ningeanza kufikiria. Mtu anashikwa na kasoro ambayo wengine hawaioni kabisa ama wanaona kidogo tu, inamla masaa mengi kwa siku, na kuna vitu hawezi kuacha kurudia: kujiangalia, kujilinganisha na kila anayepita, kujibonyeza ngozi, kuuliza watu. Si mashauo na si kiburi, mwenye mashauo anafurahia kioo, huyu anateswa nacho. Ndio maana mwaka wa 2013 kile kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, kiliipanga pamoja na ule ugonjwa wa kurudia-rudia vitu, OCD. Na haijaletwa na bando, Baba Junior. Daktari wa Italia Enrico Morselli aliiandika na kuipa jina mwaka wa 1891, reli haikuwa imefika hapa Kisumu. Kwa watu wazima 100 karibu wawili wako nayo, na mara nyingi huanza kati ya miaka 12 na 17, kwa hivyo umri wa binti yako ndio ule ule. (Kama shida yake ingekuwa tu unene na kilo tungeangalia magonjwa ya kula kwanza, ni njia nyingine hiyo, ingawa mtu anaweza kuwa na zote mbili.)

Sasa atachimenti. Nadharia yenyewe ni ya daktari Mwingereza, John Bowlby, lakini aliyeipeleka kwa watoto wa kweli ni Mary Ainsworth, na watu wengi hawajui kwamba kabla ya majaribio yake ya Marekani alikuwa hapa tu Uganda, 1954 hadi 1955, anatembelea akina mama 26 na watoto wao vijiji vya karibu na Kampala, anakaa kwa nyumba anaangalia mtoto anafanya nini mama akitoka na akirudi. Yaani hii kitu imeanzia hapo ng'ambo ya Busia. Kutoka hapo ndio tukapata hizi aina watu wanaimba onlaini. Kuna mtoto aliyetulia, anajua nikilia mtu atakuja. Kuna wa wasiwasi, huyo ni kama mtu anangoja matatu stejini na hajui kama itakuja, hawezi kuketi, hawezi kununua hata maji, macho ni barabarani tu. Kuna wa kujitenga, ameamua mapema kwamba hahitaji mtu. Na baadaye ikaongezwa ya nne, wale ambao mtu wa kuwatuliza ndio huyo huyo wa kuwaogopesha.

Ukisoma tafiti za vijana, wale wa wasiwasi ndio hutokea tena na tena wakiwa hawaridhiki na mwili wao. Wa kujitenga pia lakini kidogo. Kwangu mimi cha maana si hiyo peke yake, ni njia inayopita. Mtu anayeogopa kuachwa hutafuta sababu ya kuachwa. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kusema "hapa kazi hakuna, Saudi kuna mshahara." Atasema ni mimi. Anakaa na hiyo "ni mimi" miaka yote haina mahali pa kukaa, alafu anafika 12, 13, mwili unabadilika, wenzake wanaanza kutaniana, kila mtu anaongea juu ya sura, na hapo "ni mimi" inapata kiti. Inakaa kwa pua. Sasa rudia kusoma kile alikuambia mkifua.

Lakini usisonge zaidi ya hapo. Nyingi ya hizo tafiti ni karatasi ya maswali iliyojazwa mara moja, haiwezi kukuambia kipi kilitangulia, inawezekana pia kijana anayejichukia ndiye anaanza kuona kila mtu atamwacha. Tafiti za mapacha zinaonyesha damu ina sehemu yake kubwa. Kutaniwa shuleni kuna sehemu yake. Kuna watoto wamelala kifuani mwa mama hadi darasa la nane na wako na huu ugonjwa. Kwa hivyo lile neno "lazima" la semina liondoe kabisa.

Nikuulize kitu kimoja. Dadako akipiga video, neno la kwanza anamwambia mtoto ni gani?

AntiWaLanet

Yawa. Hata sijawahi kufikiria.

"Umekonda hivyo, hawakupi chakula?" Ama "mbona umekuwa mweusi?" Ama akiwa amefurahi "sasa umenona, uko sawa." Kila siku ni hiyo. Na huwa na dakika chache tu kabla wenye nyumba waamke, nusu yake inaisha kwa mwili, ile ingine ni karo, alafu netiweki inakatika. Mtoto siku hizi anaweka simu mbali inaonyesha dari tu.

NyarKondele (Kisumu)

Na dadako hana ubaya hapo hata kidogo. Hivyo ndivyo tunasalimiana, na huku Kisumu ndio zaidi, watu wa rika letu tulizika wengi wakikonda, kwa hivyo "umenona" kwetu ni kama kusema asante Mungu. Mama aliye mbali anaangalia kile skrini inampa, anatafuta dalili kwamba mtoto anakula. Lakini mtoto anasikia kitu kingine. Kila mara mama anapotokea, kinachokaguliwa ni mwili.

Mwalimu_Nyamira

Nimesoma nimeona nichangie kwa sababu nimefunza bodingi miaka mingi na sikubaliani na sehemu ya hii hadithi ya atachimenti, hasa venye watu huichukua kama mtoto ni wa mama mmoja na nyumba moja. Huku kwetu mtoto hajawahi kuwa hivyo. Kuna utafiti ulifanywa hapa Gusii, wa Kermoian na Leiderman, ulichapishwa 1986, wakaleta ile jaribio la Ainsworth, mama anatoka, anarudi, unaangalia mtoto atafanya nini. Mtoto wa Marekani aliyetulia anakimbilia mama amkumbatie. Mtoto wa Kisii akanyoosha mkono kusalimia! Kwa sababu hapa mtoto mdogo husalimiwa kwa mkono, ndio heshima. Sasa fikiria mgeni angeandika "huyu mtoto ni baridi." Bahati nzuri waliangalia vizuri. Na waliona mtoto ameshikamana na mamake na pia na omoreri, yaani yule dada ama kaka mkubwa anayembeba mgongoni mchana mama akiwa shambani.

Kwa hivyo Anti, kulelewa na shosho si kuachwa, na hiyo ndiyo jibu la watoto wa jirani yako. Mimi nisingehesabu miaka ambayo mama hayuko. Ningehesabu mikono aliyopitishwa. Shosho, matroni, wewe, mjomba, shosho tena. Watoto wa jirani wamekuwa na shosho mmoja, kitanda kimoja. Na kwa maoni yangu, wengine watanichukia, darasa la nne ni mapema sana kwa bodingi. Usiku ndio utaona, mtoto wa miaka tisa akiugua homa anaita jina na hakuna mwenye hilo jina hapo ndani.

NyarKondele (Kisumu)

Mwalimu, mikono aliyopitishwa. Hiyo naichukua niende nayo kazini.

Chuma_58 (Nakuru)

Mnaongea kama hii kitu ni ya wasichana tu. Mimi nasimamia jimu ndogo hapa Section 58 na nawaambia vijana wa kiume wako nayo ila imegeuzwa, ati wao ni wadogo. Mtu ana mabega hayapiti mlangoni na anakuambia kaka mimi nimekonda. Tafiti za akina Harrison Pope huko Marekani miaka ya tisini ndio zilianza kuiita dismofia ya misuli.

Kuna kijana wa chuo huja kwetu, sitasema mengi nisimuanike, anavaa sweta mbili chini ya hudi, jua la Nakuru la Februari, na hatoi. Ako na tepu ya fundi cherehani mfukoni, anaingia choo anajipima mkono, anatoka, anainua, anarudi choo. Siku ya harusi ya dadake hakuenda kwa sababu ilikuwa siku yake ya mazoezi ya miguu. Nikijaribu kuongea naye ananipa jibu moja tu, niko poa. Sasa huyu wa Anti anauliza watu, huyu wangu haulizi mtu kitu. Nimemsoma kaunsela hapo juu nikasema huyu ndiye wa kujitenga. Babake yupo, anaishi naye nyumba moja, ni mtu wa maana tu anafanya kazi kaunti, lakini sijawahi kumsikia kijana akisema "nilimwambia baba". Yaani mtu anaweza kuwa Njoro na akawa mbali kuliko Saudi.

Na hapo ndipo sindano inaingia, ju mtu asiyemuuliza mtu anauliza intaneti. Wanauziana hizo steroidi kwa Telegram. Hawaambiwi korodani zinasinyaa, matiti yanaanza kutoka, chunusi mgongo mzima, na moyo unanenepa vibaya. Hata nikiwafukuza wataenda jimu ingine, kwa hivyo siku hizi nawaweka karibu nawauliza habari za nyumbani kwanza kabla ya chuma.

Baba_Junior

Sawa nimesoma yote. Lakini bado mnakataa kuongea juu ya simu.

Mtoto_wa_Kukhu (Kakamega)

Baba Junior hauko mbali na ukweli, wacha nikusaidie. Fiji, kule visiwani, kuna sehemu moja haikuwa na televisheni hadi mwaka wa 1995. Kuna daktari anaitwa Anne Becker akauliza wasichana wa shule hapo TV ikiwa imefika tu, akarudi 1998 akauliza tena. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja alisema amewahi kujitapisha ili apungue. 1998 walikuwa 11.3%. Na hiyo ni nchi ambayo mwili mkubwa ndio ulikuwa unasifiwa, kama tu hapa kwetu. Kwa hivyo skrini inafanya kazi yake. Ila uone pia, TV ni ile ile na wengi wao hawakuugua. Hapo ndio mambo ya Anti yanaingia.

Mimi niko na miaka 22 na nimekuwa na hii kitu tangu fomu moja, kwangu ilikuwa ngozi ya uso, nilikuwa naona mashimo. Nimelelewa na kukhu wangu, yaani shosho, hapa Lurambi, mama alikuwa Nairobi anakuja Krismasi. Nilikuwa nampenda mama kwa ile njia ya kuogopa, wiki moja kabla aje naacha kula ili uso ukae vizuri, alafu anakuja na mimi namnunia. Sijui kama mnanielewa, namngoja mwaka mzima na akifika siwezi kumwangalia.

Anti nikuambie kitu ambacho hakisaidii. "Wewe ni mrembo." "Mungu hakosei." "Kuna watu hawana hata pua." Hiyo ya mwisho niliambiwa na mtu wa kanisa, bado nacheka. Ukiambiwa uko mrembo unasikia raha sekunde kidogo alafu kichwa kinasema anasema hivyo kwa sababu anakuhurumia, muulize tena. Kaunsela wangu alikaa na senje wangu, yaani shangazi, akamwambia aache kunijibu kuhusu uso. Nilidhani ni ukatili. Nikiuliza, senje anasema, "hilo swali tulikubaliana silijibu, lakini kuja unisaidie kuchambua mchicha," na ananiwekea sufuria mapajani. Hakuondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa, kwamba hajibu na hatoki.

Alafu tukaanza kwenda sokoni bila leso usoni. Kwanza jioni, giza limeanza. Baadaye saa nne asubuhi na jua lote. Nilitetemeka hadi nikasahau chenji kwa mama wa nyanya. Unakaa na hiyo hofu hapo hapo, hauangalii kioo, hauulizi mtu, inapanda, inapanda, alafu inashuka yenyewe. Unarudi kesho. Bado kuna siku uso unanisumbua, nisidanganye mtu, lakini sikosi kazi kwa sababu yake.

NyarKondele (Kisumu)

Huyu binti amefunza kuliko mimi. Kile amefanya ndiyo tiba yenyewe, tiba ya mazungumzo inayogusa mawazo na tabia, CBT, na sehemu yake kubwa ni hiyo ya kukutana na hofu bila kujificha na bila kuuliza. Kukiwa kumezidi daktari anaweza kuongeza dawa kama fluoxetine, mara nyingi kwa kipimo cha juu kuliko cha depresheni ya kawaida, na inachukua wiki kama 12 ndio useme imefanya ama haijafanya, kwa hivyo asiache wiki ya pili. Kwa vijana wiki za kwanza anaangaliwa karibu sana kwa sababu kuna wachache wanapata mawazo ya kujidhuru zaidi mwanzoni. Na kama kuna mtu ataleta habari ya kufanyiwa pua opareshoni, hapana. Wenye huu ugonjwa wakifanyiwa huwa hawatulii, ama wanahamia sehemu ingine ya mwili.

Hapo Nakuru anzia Level Five, hospitali kuu ya kaunti, uliza kliniki ya akili, usiende ya ngozi kwanza. Walio upande huu waje Russia, hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, wa Eldoret kuna hospitali ya Moi. Ukifika usiseme tu "mtoto ana mawazo mengi", watakuandikia ya depresheni mrudi nyumbani. Sema maski, sema bafuni, sema kula kitandani, hivyo hivyo ulivyotuandikia, kwa sababu yeye mwenyewe hatasema, wanaona aibu, wanaogopa kuitwa wenye mashauo.

Na kabla ya hiyo siku muulize wazi kama amewahi kufikiria kufa ama kujiumiza. Usizunguke. Kuuliza hakumpi hilo wazo, na kwa huu ugonjwa hayo mawazo ni mengi sana. Akisema ndio, usingoje kliniki ya wiki ijayo, mpeleke siku hiyo. Kuna pia 116 ya Childline, ni bure, usiku na mchana, hata yeye mwenyewe anaweza kupiga.

Kwa dadako, usimpelekee maneno ya semina. Mwambie vitu ambavyo anaweza kufanya akiwa huko huko. Apige siku ile ile kila wiki hata kama ni dakika tano, na siku hawezi aseme mapema, kwa mtoto wa wasiwasi kujua ni lini ni muhimu kuliko kuongea mrefu. Aanze na kitu kisicho cha mwili, yule rafiki yako wa kitanda cha juu anaendeleaje, lile somo la Kemia limefika wapi. Na siku moja, yeye mwenyewe, si wewe, amwelezee mtoto ni kwa nini aliondoka. Deni lilikuwa la nani, alikataa mara ngapi, alilia wapi. Huyo mtoto amejitungia sababu yake kwa sababu hakuna mtu amewahi kumpa ile ya kweli.

Upande wa likizo, kama inawezekana, akae kwako zote. Hata kama mjomba ni mzuri.

AntiWaLanet

Asanteni sana jamani. Nimemwandikia dadangu hiyo ya kupiga siku moja, amejibu na alama ya kuuliza, nitampigia. Kuhusu kumuuliza wazi, nimeuliza jana usiku. Amesema kufa hapana lakini kuna siku anatamani asionekane na mtu. Tunaenda Level Five wiki hii.

Sasa ile krimu je? Niitupe?

Duka_la_Dawa_Kanduyi (Bungoma)

Usitupe, beba na kikopo chake uende nayo hospitali. Zile za kuchanganywa zisizo na lebo huwa na moja ya vitu vitatu ama vyote. Zebaki, ambayo inaingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo. Haidrokwinoni, ikitumika sana ngozi inageuka inakuwa na weusi wa bluu usiotoka. Ama steroidi kali ya kupaka, hiyo inakonda ngozi, inaleta mistari na chunusi. Muulize ameanza lini, anapaka wapi na mara ngapi kwa siku, na umwambie daktari wampime mkojo waone figo. Kama amepaka muda mrefu mwambie daktari hivyo pia, steroidi ikiachwa ghafla uso unaweza kuvimba na kuwa mwekundu, na kwa mtoto mwenye hii shida hiyo itakuwa balaa ingine kabisa, afadhali apangiwe kupunguza pole pole. Na usiichukue kimya kimya akiwa amelala. Mwambie umeiona na mtaenda nayo pamoja.

Chuma_58 (Nakuru)

Anti, nikipata yule kijana wangu akubali, hiyo kliniki ni siku gani?

AntiWaLanet

Nikienda nitauliza nikuandikie hapa.